Wito wa Harambee: Elimu ya Baridi Yabisi kwa Kila Jumuiya

Wapendwa waumini na majirani,

Kikundi cha akina mama cha parokia yetu kinawaalika katika harambee ya kugharamia elimu juu ya baridi yabisi, ugonjwa ambao hata jina lake limetupotosha. Kwa kuwa unaitwa baridi, wengi tumeamini kwamba unaletwa na umande wa alfajiri, tukavaa sweta, tukachuliwa kwa mafuta ya moto na kungoja jua. Kumbe ni kinga ya mwili yenyewe inayogeuka na kuushambulia utando laini uliomo ndani ya viungo, utando huo ukavimba na, usipotibiwa, gegedu na mfupa vikaliwa.

Mwanakwaya mwenzetu alianza kwa kushindwa kukamua nguo alizofua. Kila asubuhi vidole vya mikono yote miwili vilikakamaa kwa zaidi ya saa moja, naye akaambiwa ni uzee, ingawa alikuwa na miaka 38. Alipomfikia daktari wa viungo, miaka mitatu ilikuwa imepita na vidole vimekwisha kupinda. Dawa ya methotreksati imemwezesha kurudi shambani, lakini vidole havikunyooka tena. Tunalisema hili kwa uchungu, kwa sababu matibabu yanayoanza katika miezi ya mwanzo huokoa viungo vya wengi. Ugonjwa huu huwapata wanawake mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume, hasa kati ya miaka 30 na 60, yaani umri wa kulea na kulima.

Tunahitaji shilingi 240,000 za kuchapisha vipeperushi, kulipia nauli ya daktari na muuguzi watakaozuru kila jumuiya, na kusaidia vipimo vya damu kwa wasiojiweza. Kipeperushi kitasisitiza jambo moja zito: methotreksati ya ugonjwa huu humezwa mara moja kwa wiki, wala si kila siku, kwani kosa hilo laweza kuua, na mwanamke anayetarajia kushika mimba amweleze daktari kwanza.

Ziara zitaanza tarehe 12 Oktoba, Siku ya Ugonjwa wa Viungo Duniani. Michango ipokelewe na mweka hazina baada ya Misa, na kila mchangiaji atapewa risiti. Asiye na fedha atuletee jirani ambaye vidole vyake vimevimba na hajapimwa.