Daftari la timu yetu ya chuo lilichomwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Mwezi uliopita mjukuu wangu, anayesoma chuo hapa Dodoma, alinisomea habari za timu za vyuo vya Marekani zilipoanza kucheza mpira wao. Nilimwambia, mjukuu wangu, mpira wa kubeba kwapani wenye umbo la yai mimi siujui. Akasema, babu, sikiliza kwanza. Nikasikiliza, na usiku ule sikulala vizuri.

Mechi ya kwanza baina ya vyuo kule ilichezwa tarehe 6 Novemba 1869, mji wa New Brunswick, jimbo la New Jersey. Chuo cha Rutgers kiliwakaribisha jirani zao wa Princeton. Mpira ulikuwa wa duara kama wetu, na kuukumbatia ukakimbia nao ilikuwa marufuku. Mambo ya kubeba yalikuja baadaye. Kila upande ulikuwa na wachezaji 25. Watu 50 wanaugombea mpira mmoja! Jezi hawakuwa nazo. Walivua makoti na kofia wakaingia uwanjani, na vijana wa Rutgers wakajifunga vitambaa vyekundu kichwani ili wajuane. Kuna wawili, mmoja wa kila timu, waliukimbiza mpira kwa kasi mpaka wakauvaa uzio ambao watazamaji walikuwa wameukalia, uzio ukaenda chini pamoja na watu wake. Rutgers walishinda 6–4. Wiki iliyofuata walikwenda ugenini Princeton wakafungwa 8–0. Mechi ya tatu ilipangwa lakini haikuchezwa, na msimu wao ukaishia hapo.

Mechi mbili tu, Mhariri. Leo, zaidi ya miaka 150 baadaye, kijana wa Dodoma anajua habari za uzio ule. Anazijua kwa sababu ziliandikwa. Wanafunzi wa Rutgers walikuwa na gazeti lao, Targum, lililoanza mwaka huohuo wa 1869, nalo likaieleza mechi ile mwezi uleule ilipochezwa.

Mimi nilikuwa mwandishi wa timu ya chuo chetu cha ualimu, kanda hii ya kati, mwaka 1977. Timu ilikuwa changa, ndiyo kwanza inaingia msimu wa pili. Nilikuwa kipa wa akiba, na kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri, mwalimu wa michezo alinikabidhi kaunta buku yenye jalada jeusi na mgongo mwekundu. Tulicheza mechi tisa. Kila mechi niliipa kurasa mbili: majina ya wachezaji, nani kafunga, nani kaumia, uwanja ulikuwaje, upepo ulitoka wapi. Anayeishi Dodoma anajua kwa nini niliandika upepo. Mwezi wa saba mpira wa juu ukiupiga kuelekea mashariki unaweza kukurudia mwenyewe.

Ukurasa mmoja naukumbuka mpaka leo. Tulikuwa nyuma 1–0, tunacheza na timu ya wafanyakazi, mpira ukaangukia mbigili pembeni ya uwanja na kutoboka. Ulikuwa mpira wa ngozi wa kufunga kwa kamba, wenye kibofu ndani, na hatukuwa na mwingine. Refa akasimamisha mchezo. Beki wetu wa kulia, ambaye kwao walikuwa na baiskeli, alikaa chini palepale katikati ya uwanja, akafungua kamba, akatoa kibofu, akakitia mate kutafuta tundu, akakisugua kwa jiwe, akapaka gundi, akabandika kiraka. Timu zote mbili zilimzunguka kukinga vumbi. Mpira ulipojazwa tena ulikuwa na kinundu upande mmoja, na kwa kinundu hicho tulisawazisha, kwani ulidunda ukamkwepa kipa wao. Nyumbani nilikuta kipande cha kile kibofu kimenata kwenye kiatu changu. Nikakibandika kwenye ukurasa wa mechi ile.

Baada ya miaka mingi, nikiwa tayari mwalimu mkuu, nilirudi chuoni kuliulizia daftari. Nikaambiwa stoo ilisafishwa na makaratasi ya zamani yalichomwa. Aliyeniambia alikuwa kijana mpole, hakuwa na kosa lolote. Nilimshukuru nikaondoka, lakini mpaka naandika barua hii bado inaniuma.

Sasa Dodoma imejaa vyuo. Kipo Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanza 2007, kipo cha Mtakatifu Yohana, vipo vya mipango, biashara na ualimu. Jioni vijana wanacheza, na wanacheza vizuri kuliko sisi. Ninawaomba walezi wa michezo wampe kijana mmoja daftari, na mwisho wa msimu lipelekwe maktaba, lipewe namba kama vitabu vingine. Stoo hapana. Na wewe Mhariri, Simba na Yanga wana kurasa zao kila siku, sina ugomvi na hilo, ila naomba safu moja ya matokeo ya vyuo vya mikoani, hata kama ni ya maandishi madogo, mradi majina ya wafungaji yawepo.

Mimi nimeanza upya. Nimenunua kaunta buku nyingine na nimeandika kikosi cha 1977 kama ninavyokikumbuka. Kumi nimewapata. Aliyebaki ni winga wa kushoto, mrefu, aliyecheza peku msimu mzima kwa sababu viatu vya timu havikumtosha, na aliyefunga lile bao la kinundu. Jina lake limenitoka kabisa. Nafasi yake nimeiacha wazi, mstari wa 11. Kama yu hai na anasoma gazeti hili, au wanawe wakiitambua habari hii, naomba waniletee jina lake.

Mwalimu mstaafu,
Makole, Dodoma.