Mwanangu, usiuze fungu lako

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Sisi huku Lamu hatujambo, presha yangu imeshuka kidogo, dadako mdogo ana mafua. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu hunikatiza, nami nikikatizwa husahau, kisha nikishaiweka simu chini ndipo maneno yote hurudi yakanikesha.

Alhamisi baada ya alasiri alikuja mtu akapiga hodi dakani, pale kibarazani pa mlango. Nikadhani ni msoma mita. Akatoa simu akapiga picha mlango, akapiga picha nakshi za juu, kisha akanyoosha futi ya chuma toka kizingitini mpaka ukutani. Nikamuuliza, "Bwana, wapima nini?" Akanijibu kwa adabu kabisa, "Mama, mwanao wa Mombasa ametutuma." Nikampa maji akanywa, akaenda zake. Mimi nikaingia ndani nikakaa kitandani mwa babako mpaka magharibi ikaadhiniwa.

Usiuze nyumba hii, mwanangu, hata kwa ajili ya safari yako ya Saudia. Hayo mengine yote ninayoandika yasome ukitaka, lakini hilo lishike.

Najua utakalonijibu: si nyumba, ni fungu langu tu. Haya. Babako alipofariki, Mola amrehemu, kadhi aliigawa nyumba hii mafungu 48. Mimi nikapata thumni yangu, sehemu ya nane, mafungu 6. Wewe na nduguyo 14 kila mmoja, dada zako saba saba. Sasa niambie, yako 14 ni yapi? Ni ngazi? Ni birika la maji? Ni sabule ya juu, chumba cha wageni? Mtu hanunui mafungu 14 ili aje akae nasi tule sinia moja. Ananunua pa kutia mguu. Akishautia atamjia nduguyo siku injini imemfia, atamjia dadako siku karo imekwama, na kila mmoja atauza kwa dhiki yake peke yake, mpaka nibaki mimi na thumni yangu.

Na umesoma chuoni, sheria waijua. Mshirika ana haki ya shufaa, yaani ya kuuziwa kwanza. Kabla ya kumwendea mtu wa nje ungetuuliza sisi kwanza. Hukutuuliza kwa kuwa ulijua hatuna cha kukupa. Hilo limeniuma kuliko yule dalali.

Sisemi huna sababu. Ya kazi ya hotelini Shela unayajua, sirudii. Wageni walipotekwa 2011, yakaja mashambulizi ya Mpeketoni 2014, ikaja korona 2020, na kila mara wa jikoni ndio wa kwanza kuambiwa wapumzike. Umevumilia sana na nimejivunia uvumilivu wako mbele ya watu, ingawa mbele yako labda sikusema. Kwenda Saudia si aibu. Wazee wetu walikwenda Uarabuni na majahazi yaliyopakia boriti za mikoko wakarudi na tende na mazulia. Tofauti ni kwamba wao walipoondoka walijua mlango watakaorudia.

Nduguyo naye bahari yake si ile. Tangu walipochimba mkondo wa bandari mpya ya Lamu anakwenda mbali kutafuta alichokuwa akikipata karibu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ilipoamua wavuvi kama 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, mtaa mzima ulipiga vigelegele. Kisha ikaja rufaa, yakaja mazungumzo, na watu wakaanza kula pesa wasiyoishika. Dukani watu waliandikiwa unga na mafuta kwa ahadi ya fidia, ukurasa kwa ukurasa. Nami niliandikiwa. Deni lile nimelimaliza mwaka jana kwa kuuza mahamri, nayo mahamri siku hizi nayakata madogo, na wanunuzi wanaona lakini hawasemi.

Halafu mafuta. Petroli ilipopita shilingi 200 kwa lita mwaka 2023, nduguyo alilitoa tanga la babako lililokuwa limekunjwa chini ya kitanda, akalishona siku mbili dakani. Sasa hutoka kwa injini, hurudi kwa upepo. Upepo ukigoma huchelewa, barafu huyeyuka, na wachuuzi wakishaona jicho la samaki limefifia bei ni ya kwao. Mtu akirudi hivyo hana la kugawa. Zamani aliyetoka baharini hakupita mtaani bila kuacha kitoweo kwa mjane na kwa mgonjwa. Sasa huuzwa wote pale pale kwa mizani, mpaka vichwa. Simlaumu nduguyo. Mtoto wake akiumwa, yule mjane hana cha kumrudishia.

Lakini usidhani watu wote wamefunga mikono. Wanawake wa mtaa huu tumeanza kupika pamoja siku za Ijumaa, kila mmoja na kibaba chake, tukawasha mtungi mmoja wa gesi badala ya sita. Friji ni moja kwa nyumba nne, ya jirani wa mkono wa kulia, nasi tunamchangia umeme. Upatu ulikuwa shilingi 1,000 kwa wiki, tumeushusha mpaka 200 ili asitoke mtu. Na daftari la ubani halijakosa jina hata moja kila ulipotokea msiba, ijapo ni shilingi 50. Haya yote yanafanyika wapi? Kiwandani kwetu, huu uwanja wa ndani ya nyumba. Nyumba nyingine hazina nafasi, au zimekuwa za watu wengine.

Nami nisikufiche, hali hii haimfanyi mtu mwema kwa nguvu. Mwezi wa Rajabu jirani alipita jikoni kwangu, akasimama mlangoni akiongea ya mvua na ya kisima, nami nikakifunika chungu kwa sinia. Kilikuwa na muhogo wa nazi. Alijua, nami nilijua kuwa amejua. Siku ya pili nikampelekea bakuli, akalipokea kwa mikono miwili, akanishukuru kupita kiasi. Tangu siku hiyo hapiti tena jikoni, hupita uani.

Nataka uikumbuke nyumba ya upande wa wikio, lile daraja la juu ya njia linalounga nyumba na nyumba. Wenyewe walikuwa ndugu saba, waliuza mmoja mmoja hivyo hivyo. Aliyenunua si mtu mbaya. Paa amelitengeneza vizuri kuliko walivyoliacha wenyewe, chokaa yake ni ya kweli, na mafundi wa hapa walipata kazi ya miaka miwili. Huja Desemba, hukaa wiki tatu, huamkia watu. Lakini lile wikio walilokuwa wakipitia wanawake kwenda kwa wazazi wao bila kushuka njiani ameliziba kwa mawe, kwa sababu kwake yeye ni dirisha la wezi. Kisima kimewekwa pampu na mfuniko wenye kufuli. Ramadhani iliyopita nilimtuma dadako na sahani ya futari kama desturi. Mlinzi akasema bwana hayupo na yeye hana ruhusa ya kupokea kitu. Dadako akarudi na sahani, sambusa zimeshapoa. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa nyumba ikiuzwa haziondoki kuta tu.

Usiuze.

Ami yako amenifanyia hesabu na nataka uifikirie, maana wewe ndiwe mjuzi wa simu na bei. Wanunuzi hawa huhesabu kwa dola. Mwanzoni mwa 2024 dola ilipanda mpaka kama shilingi 160. Nyumba ya shilingi milioni 16 mtu angeinunua kwa dola laki moja. Shilingi iliporudi kwenye 129 hivi, nyumba ile ile kwa shilingi zile zile ikawa dola laki na 24,000. Maana yake mnunuzi huona rahisi siku ile sisi tunapoona ghali kila kitu: unga, mafuta, dawa. Sisi tunalia, yeye anapata punguzo. Ndiyo maana madalali huzidi mtaani wakati wa dhiki. Ukiwaona wengi namna hii jua si wakati wa kuuza, ni wakati wa kushikana.

Kuna lile shamba la minazi la upande wa Hindi, kule bara ya Lamu. Nyinyi mnasema mjomba wenu aliliuza, nami nimewaacha mseme miaka yote hii. Machi 2012 wakubwa wa nchi tatu walipokuja kuzindua bandari, madalali walimiminika kama mvua ya masika, kila mtu akawa anauliza ekari. Mjomba wenu kwenye karatasi ile ni shahidi. Dole gumba ni la nani, hamkuuliza. Pesa ilikuwa nyingi machoni. Iliingia kwenye harusi ya dadako mkubwa, siku tatu za pilau, na dhahabu ambayo baadaye yeye mwenyewe aliiuza. Siku hizi nikienda sokoni kununua nazi mbili huzipima mkononi, nazitikisa sikioni, kisha nachukua moja. Minazi ile ilikuwa 60. Sitaki unijibu juu ya hili ukiniandikia.

Sasa sikia niliyoyapanga. Bangili zangu mbili za mahari zipo. Dhahabu iko juu, nimeuliza kwa sonara, na nikiziuza zitafika nauli na pesa za kupimwa afya kabla ya safari. Ni zangu, si za mirathi, hakuna wa kunihoji. Pili, sabule ya juu tuipangishe. Kuna mwalimu anatafuta chumba, mtu wa heshima na mke wake. Kodi ya miezi sita nitakutumia yote, ndugu zako wamekubali, hata nduguyo, ambaye unasema hakupendi. Alisema "apewe" kabla sijamaliza kusema. Tatu, nikipata nguvu nitakwenda kwa kadhi kuuliza kama sote tukiridhiana twaweza kuiweka nyumba wakfu wa watoto na wajukuu, isiuzike tena. Hilo lataka na ridhaa yako. Sitakulazimisha, lakini kabla ya kupanda ndege nataka uje tukae sote, unitazame, uniambie ndiyo au la.

Na huyo wakala wako, mwangalie kama yumo kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Usinijibu kwamba rafiki yako alipelekwa na yeye. Mkataba usome kabla ya kutia saini: mshahara ni kiasi gani, nyumba ni ya nani, likizo ni lini. Nakala nitumie mimi na nyingine umpe ami yako. Kama ni ya Kiarabu, mwalimu wa madrasa atatusomea. Pasipoti usimwachie mtu akae nayo "kwa usalama". Nimewaona waliorudi. Wengine walirudi na nyumba ya matofali huko Langoni, wengine walirudi wamenyamaza. Na usikope kwenye simu ili ujaze pengo. Dadako ana madeni matatu ya simu, hili analipia lile, na kila jioni nikisikia mlio wa ujumbe namwona anavyoshtuka.

Wewe ni mpishi, tena mpishi mzuri, lakini naambiwa unakwenda kuwa mlinzi. Waulize kama kuna jiko. Mkono kama wako wa biriani usisimame getini bila kuuliza. Babako alikuwa akisema hivyo hivyo juu ya nduguyo na uhunzi, na hakusikilizwa, lakini sitaki kuyaleta hapa.

Boriti ya ndani, ile ya tatu toka dirishani, imeingia bungua. Kila asubuhi nakuta unga mweupe kwenye shuka, laini kama wanga. Nimehamisha kitanda, nimeweka beseni. Fundi amesema moja itashuka kabla ya kaskazi. Boriti za mikoko zilipanda bei tangu ule mwaka 2018 serikali ilipozuia kukata, na ingawa sasa zinapatikana hazikurudi kwenye bei yake. Kama una chochote, hicho ndicho cha kutuma, si simu mpya kama ulivyonitumia Idi iliyopita. Simu ninayo. Ile mpya nimempa dadako.

Paka amezaa tena juu ya kabati, watatu. Samaki wa birika, wale walao mabuu ya mbu, amebaki mmoja, na mbu wameanza. Mkeo akija na watoto aje na vyandarua. Mwambie pia ile kanzu aliyoniachia nimeishona, imekaa vizuri, asiwe na wasiwasi.

Jumatatu yule dalali alipita tena. Hakupiga hodi, alisimama tu ng'ambo ya njia akautazama mlango. Nikamwambia dadako aufunge, mchana mchana, jambo ambalo hatujawahi kulifanya. Mpigie wewe mwenyewe umwambie asije. Mimi sitaki kumjibu vibaya mtoto wa watu.

Ukija chukua basi la asubuhi ili ukifika Mokowe boti za kuvukia kisiwani ziwepo. Na kamba ya kisima imekatika, tunachotea ile ya jirani. Nunua pima nane, ya manila, ile nene.

Mamako