Kijiji cha zabibu kisichokuwa na meza ya mgeni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika kwamba mahali panapouzwa pombe kijijini hapamfai mama wala mtoto. Kwa vilabu vyetu vilivyo sasa, namwelewa. Spika inapiga tangu asubuhi, choo hakuna, chakula ni karanga. Ninachokataa ni kusema kwamba haiwezekani pawe vingine.

Mwaka jana nilimtembelea binti yangu, ambaye ni muuguzi Cumbria, kaskazini mwa Uingereza. Jumapili baada ya ibada, yeye na mumewe wakanipeleka kula kwenye pabu, baa ya kijiji chao. Nilisita mlangoni: mzee wa kanisa, baa nafuata nini? Ndani nikakuta bibi na wajukuu mezani, wazee wanacheza dhumna, mbwa amelala chini ya benchi karibu na moto. Muziki hakuna, watu wanazungumza.

Kinywaji unakwenda kuagiza kaunta, unalipa hapohapo, unakibeba mwenyewe. Bia yao ya asili haitoki kwenye friji. Pipa linakaa chini ya sakafu kwenye ubaridi wa nyuzi kama 12, na dada wa kaunta anaivuta kwa mpini mrefu, mara mbili tatu, mpaka glasi ijae. Glasi nzima ni mililita 568. Nusu ipo, nami niliomba nusu, wala hakuna aliyenikodolea macho. Mkwe wangu aliposita achague ipi, alimiminiwa kidogo aonje kwanza, bure.

Chakula kilikuwa nyama ya ng'ombe ya kuoka, viazi, karoti, kabichi na Yorkshire pudding. Hiyo ni mayai, unga wa ngano na maziwa, vinakorogwa na kumiminwa kwenye mafuta yaliyochemka ndani ya oveni. Inaumuka ikaacha shimo katikati, na humo ndimo unamwaga mchuzi. Lakini kilichonigusa kuliko sahani ni ubao ukutani: wameandika kwa chaki jina la shamba la jirani lililotoa nyama ile. Zabibu zetu za hapa Mpunguzi, Dodoma, zikishapakiwa kwenye lori, nani anajua zimetoka kwa nani?

Pabu hizo nazo zinafungwa nyingi, na wanavijiji hawakai kimya. Hesket Newmarket, hukohuko Cumbria, wateja walichanga wakainunua pabu yao, The Old Crown, kwa ushirika mwaka 2003. Sheria ya huko ya mwaka 2011 inawaruhusu wanajamii kuiomba halmashauri iorodheshe jengo la namna hiyo. Mwenyewe akitaka kuliuza, wanaweza kupata miezi sita ya kutafuta fedha za kulinunua.

Sisi tunavuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Msimu uliopita mnunuzi aliyetuahidi lori hakutokea. Zabibu zikaanza kusinyaa mashambani, tukazikamua, na maji yake, tunayoyaita mchuzi wa zabibu, tukayauza kwa bei ya kutupa. Wakati huohuo magari ya kwenda Iringa yanapita barabarani, abiria wana njaa, na hatuna mahali safi pa kumkaribisha mtu kwa kuku wa kienyeji, ugali wa mtama, mlenda na glasi moja ya mvinyo wa hapahapa. Asiyekunywa pombe apewe juisi ya zabibu. Mtoto akae na mama yake.

Ushirika tunao, na najua mvinyo lazima uwe na alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Ninachoomba gazeti lako lituulizie Halmashauri ya Jiji ni hiki: ushirika wa wakulima ukitaka kufungua mahali pa namna hiyo, chakula na mvinyo chini ya paa moja, unaomba leseni ipi, kwa ada gani, na je, jengo la kijiji lililokaa bure linaweza kukodishwa kwa kazi hiyo?

Mkulima wa zabibu,
Mpunguzi, Dodoma