Barua kwa Saidi: usinunue hiyo kadi kwanza

Shangani,
Mtwara.
9 Novemba 2025

Ndugu yangu Saidi,

Salaam nyingi kutoka huku. Sisi wazima, na mama anakuuliza lini utakuja kula pweza. Mpe mzee shikamoo yangu, na hongera zake kwa hela ya korosho kutoka.

Sasa hilo la kompyuta. Unasema kuna jamaa hapo Lindi anakuuzia kadi kubwa ya grafiki, ile inayochora picha za gemu, ya feni tatu, uichomeke kwenye hiyo kompyuta yako ya Dell OptiPlex 9020 ucheze FC 24, lile gemu la mpira. Saidi, usitoe hela. Kadi ya namna hiyo inakula umeme mwingi na inataka waya wake wenyewe kutoka kwenye pawa saplai, lile boksi la umeme ndani ya kasha. Pawa saplai yako, kama sikosei, ni ya wati 290 na waya huo haina. Wala usidhani utaibadilisha kirahisi kwa ile ya kawaida ya dukani, maana Dell waliweka plagi yao wenyewe ya pini 8 kwenye mazabodi, ile bodi kuu, wakati za kawaida zina pini 24. Hizi mashine zilitoka 2013 kwa ajili ya maofisini. Gemu halikuwa kwenye hesabu.

Kwa hiyo umeme ndio unaokupangia. Ile sloti ya kadi inatoa wati 75 basi, na kadi inayoishi ndani ya wati hizo ni GTX 1050 Ti ya GB 4. Ni ya 2016, wajanja wa mjini watakucheka, lakini ndiyo hiyo hiyo waliyoitaja wenye FC 24 kama kadi ya chini kabisa, pamoja na ramu, yaani kumbukumbu ya muda, ya GB 8 na nafasi ya GB 100 kwenye diski. Prosesa wanataka i5-6600K, na hizi i5-4570 zetu hazifiki hapo. Hata hivyo kwangu linacheza vizuri nikishusha setingi za nyasi na mashabiki. Nani anaangalia mashabiki bwana?

Ukipata ya kununua, angalia mgongoni. 1050 Ti halisi haina tundu la VGA, lile la bluu la monita za zamani. Ukiliona, ujue ni kadi ya zamani iliyobadilishwa jina ndani, na kompyuta itasoma jina hilo la uongo bila wasiwasi. Programu ya GPU-Z inaziumbua, ni ya bure, hivyo muuzaji akikukatalia kuifungua hapo hapo dukani, ondoka zako. Chagua pia isiyo na tundu la waya wa umeme, kwa sababu zipo 1050 Ti zinazoutaka. Monita yako najua ni ya VGA, basi utatafuta na kile kigeuzi cha kutoka HDMI kwenda VGA. Waya wa monita uchomeke kwenye kadi yenyewe. Ukiuacha pale ulipo sasa, kwenye mazabodi, utalalamika kwamba kadi haifanyi kazi.

Lakini kabla ya yote hayo fungua kasha. Nakwambia kwa sababu wiki iliyopita nilimfungulia jirani yangu ya kwake, naye alikuwa anaapa kwamba prosesa imechoka. Wewe unaijua hewa yetu ya chumvi. Vumbi lilikuwa limelowana na kugandamana juu ya feni mpaka mapezi ya chuma hayaonekani, skrubu zina kutu ya kahawia, na kwenye kona mjusi katuwekea mayai mawili. Ile pesti ya kupitisha joto chini ya hitisinki, chuma cha kupoza prosesa, ilibaki unga mkavu. Tulipiga brashi, tukapaka pesti mpya, ramu tukazisugua meno yake kwa kifutio cha shule. Gemu lililokuwa linastaki kila baada ya dakika kumi likatulia. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 inapunguza mwendo yenyewe isiungue, na wewe unaona gemu linaburuza miguu. Usiku wa Novemba huku hata mtu mwenyewe anaburuza.

Halafu washa gemu unalocheza sasa, katikati ya mechi bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, lifunguke dirisha la Task Manager, uone ni kipi kimefika asilimia 100. Kwako nahisi itakuwa ramu, maana ulinunua ikiwa na kipande kimoja cha GB 4. Weka viwili vya GB 4 vinavyofanana, vifanye kazi kwa pamoja. Ni nafuu kuliko unavyofikiri. Hakikisha ni aina ya DDR3 na ni ndefu, ile fupi ni ya laptop. DDR4 usiilazimishe, haiingii.

SSD, ile diski isiyozunguka, nunua, hata kama baadaye utaghairi kadi. Haitakuongezea spidi ndani ya mechi, ila utaacha kunywa chai nzima ukisubiri Windows. Na kwa umeme unavyokatika, ile hadi diski inayozunguka haitafika mbali. Windows 11 usihangaike nayo, mashine hizi hawazitaki. Na Windows 10 Microsoft waliacha kuiwekea kinga za kawaida tangu 14 Oktoba 2025, kwa hiyo mambo ya benki fanyia kwenye simu.

Kushusha GB 100 kwa bando ni kuila korosho ya mzee. Nitakunakilia folda ya gemu kwenye diski ya nje, nimpe konda wa basi la asubuhi, wewe uifuate stendi. Gemu lazima liwe kwenye akaunti yako mwenyewe, ila hutashusha upya yote.

Nipigie picha ile karatasi iliyobandikwa kwenye pawa saplai, nisome wati zake kabla hujaongea tena na huyo jamaa. Na pia kasha lako: ni lile la kusimama au lile jembamba la kulazwa? Kama ni jembamba, kadi inabidi iwe ile fupi ya nusu kimo, na hiyo tutaiagiza Kariakoo.

Wako,
Bakari