YAH: KITI MWENDO CHA MWANANGU KISICHOLINGANA NA VIPIMO MLIVYOCHUKUA

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Mimi ni mama wa mtoto wa miaka 9 mwenye mtindio wa ubongo. Nawaandikia kuhusu kiti mwendo mlichotuletea, ambacho mwanangu hawezi kukikalia hata nusu saa.

Fundi wenu alikuja na futi kamba, akampima mbele yangu, nami nikaandika kila kipimo kwenye daftari. Upana wa nyonga ulikuwa sentimita 27. Kiti kilichofika kina upana wa sentimita 40. Hicho ni kiti cha mtu mzima. Mwanangu anaelemea kushoto hadi mbavu zinagusa chuma. Nikimweka sawa, hazipiti dakika mbili ameelemea tena. Kikalio nacho ni kirefu mno, ukingo wake unamchoma nyuma ya magoti, basi anateleza mbele na kukalia mgongo. Vikanyagio nimevipandisha hadi mwisho na bado miguu inaning'inia.

Nilijaribu kuziba nafasi kwa taulo zilizokunjwa. Siku ya tatu, nikimwogesha, niliona alama nyekundu juu ya mfupa wa kitako. Niliibonyeza kwa kidole, wekundu haukuondoka. Anayemtunza mtu asiyeweza kujigeuza anajua hapo kidonda kimeshaanza. Nikaacha kumkalisha. Sasa anashinda kitandani, akiwasikiliza wenzake wakicheza nje.

Nilipopiga simu niliambiwa, "Ataendelea kukua, kitamtosha." Jibu hilo limeniuma kuliko kiti chenyewe. Huko kukua kwenyewe ndiko kunakonitisha, maana mgongo wake unakua ukiwa umepinda. Tangu mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lina mwongozo wa utoaji wa viti mwendo, na ndani yake kupima ni hatua moja tu: kuna kumkalisha mtumiaji na kukirekebisha kiti kiendane na mwili wake, kumfundisha yeye na wanaomtunza, kisha kurudi kumwangalia. Ninyi mlipima. Baada ya hapo dereva alishusha boksi mlangoni, akachukua sahihi yangu, akaondoka.

Naomba mwanangu apewe kiti kinachofuata vipimo vyake, chenye pedi za ubavuni, mkanda wa nyonga na mto wa kupunguza mgandamizo. Vyote hivyo vimo kwenye fomu ya oda niliyojaza. Nakala nimeiambatanisha pamoja na picha. Aje mtaalamu amkalishe mtoto mbele yangu na kurekebisha hadi akae sawa, na nisiombwe sahihi kabla ya hapo. Nahitaji jibu la maandishi ndani ya siku 14.

Kiti cha sasa hakijaharibika popote. Kichukueni siku hiyo hiyo mkampe mtu mzima kinayemtosha, maana najua wapo wanaokisubiri.

Wenu,
Mama wa mtumiaji