Mguu wa shangazi

Malindi

Shoga yangu Zuhura,

Asalaam aleykum. Picha ya mguu wa shangazi nimeipata. Mnavyodhani kuwa kaungua na maji moto, sidhani. Malengelenge yakitoka juu ya bamba la ngozi iliyogandamana, jeupe kama pembe na ukingo wa zambarau, shuku kwanza mofea, yaani aina ya sikleroderma (ugonjwa wa kukakamaa ngozi) inayokaa zaidi kwenye ngozi. Inadhaniwa ngozi ikikakamaa hubana vijia vya limfu (maji ya mwilini), maji yakakosa pa kupita, ngozi ya juu ikainuka. Kanda za ndara zikimsugua hapo, zinaongeza.

Lengelenge lisichunwe. Likijaa mpaka likamuuma, muuguzi alitoboe pembeni kwa sindano mpya, alikamue taratibu kwa shashi, na ile ngozi iachwe ifunike kidonda. Kisha Vaseline, shashi isiyonata, na bandeji iliyolegea. Plasta usibandike kwenye ngozi ngumu, utaibandua nayo. Spiriti na dawa ya meno weka mbali. Pakiwa pa moto, pana usaha au ana homa, hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa biopsi, yaani kukata kipande cha ngozi kikapimwe, maana hapa ndipo mambo huharibika. Mwombeni daktari akate vipande viwili. Cha kwanza ukingoni mwa lengelenge, kiende chini hadi kwenye mafuta, kitiwe formalini, dawa ya kuhifadhia. Cha pili kwenye ngozi ya kando isiyoinuka, na hicho formalini kisikiguse, kwa sababu inaharibu kipimo cha kingamwili, nacho ndicho kinachotenga mofea na pemfigoidi, ugonjwa wa malengelenge unaopenda wazee. Kama hakuna maji yake maalumu, kitiwe kwenye maji ya chumvi ya dripu, kifike maabara ndani ya saa 24. Kwa hiyo kikatwe asubuhi, kiwahi boti ya Mokowe na basi la Mombasa. Ijumaa msijaribu, wikendi huenda kisipokelewe.

Akiandikiwa methotreksati, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, ni mara moja kwa WIKI, mara nyingi miligramu 15 hadi 25. Anayeimeza kila siku anaweza kufa. Chagueni siku, iandike juu ya boksi kwa kalamu nzito. Asidi ya foliki ameze siku nyingine. Damu, ini na figo vipimwe kabla ya kuanza na baadaye kila daktari atakaposema. Na mtu yeyote akimpa Septrin, ile antibiotiki, kwa kikohozi au mkojo, mkatae, haziendi pamoja.

Msalimie sana, mwambie aweke mguu juu ya mto.

Wako,
Mwanaisha