Julie Andrews ni mtoto wa jukwaa

Mhariri,

Makala yenu ya Oktoba 2025 kuhusu Julie Andrews, mwimbaji na mwigizaji wa Uingereza, kutimiza miaka 90 nimeisoma mara mbili. Jukwaa limeguswa kwa sentensi moja tu. Kwingine kote ni zile filamu mbili tunazozijua sote, Mary Poppins na The Sound of Music, na picha yake akiwa mlimani ametanua mikono.

Huyu mama alilelewa jukwaani. Mama yake alipiga piano, baba wa kambo akaimba. Mwaka 1947, akiwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 12, alisimama katika ukumbi wa Hippodrome, London, akaimba kipande cha opera ambacho watu wazima hukikwepa. Mimi nafundisha kwaya, na wasichana wa umri huo ninao katika sauti ya kwanza. Noti ikipanda kidogo wanaangalia dari, kana kwamba imebandikwa huko.

Lililonikera hasa ni maneno yenu "kipaji cha kuzaliwa". Mwaka 1956, New York, akiwa na miaka 20, alipewa nafasi ya Eliza, muuza maua wa London, katika mchezo wa nyimbo wa My Fair Lady. Mazoezini alipwaya. Kuimba aliweza, kuigiza kukamshinda, na mwenzake Rex Harrison alikuwa amekwisha kuchoka naye. Mwongozaji, Moss Hart, akawapa wengine wote mapumziko ya siku mbili, akabaki na binti huyo: mstari kwa mstari, rudia, hapana, rudia tena. Hapo ndipo Eliza alipopatikana. Akamcheza zaidi ya miaka mitatu, New York kisha London, maonyesho manane kwa wiki.

Filamu ya mchezo huo ilipotengenezwa, nafasi ya Eliza akapewa Audrey Hepburn, na nyimbo zake nyingi zikaimbwa na Marni Nixon nyuma ya pazia. Hilo mmelisimulia vizuri. Mlichoacha ni kwamba Walt Disney alimwona Andrews jukwaani, katika mchezo mwingine wa nyimbo, Camelot, ndipo akamwita kucheza Mary Poppins. Kwa hiyo hata ile Oscar mnayoisifu ilianzia ukumbini.

Halafu mnaandika kwamba baadaye "alistaafu kuimba". Hakustaafu, Mhariri. Akiwa na miaka 60 alirudi jukwaani New York na mchezo wa nyimbo wa Victor/Victoria, ratiba ileile ya maonyesho manane. Sauti ikaanza kukwaruza. Mwaka 1997 akafanyiwa upasuaji wa koo, na ile sauti ya kuimba haikurudi tena. Alichofanya zaidi baada ya hapo ni kuigiza bila kuimba na kuandika vitabu vya watoto pamoja na binti yake.

Kwangu, msichana akija mazoezini koo linakwaruza namrudisha nyumbani, hata kama Jumapili yake askofu anakuja. Wazazi hunung'unika kwamba namnyima mtoto wao nafasi. Nilitaka kuwapa makala yenu waisome. Nimeikunja, nimeirudisha mkobani.

Mwalimu wa kwaya,
Morogoro